Menuki za joka za kumimina: geuza mgongo kabla ya kulipa

Jozi inayopitiwa hapa ni menuki mbili za joka zilizomiminwa kwenye kalibu, za aloi ya shaba iliyotiwa weusi, na dhahabu imepakwa kwenye macho, kucha na miali ya moto. Ni aina ambayo maduka ya vifaa vya iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, huuza kwa ajili ya panga za mazoezi. Uamuzi wetu tunautoa mapema: kwa mpini unaoshikwa kila wiki inafaa sana, mradi ununuzi usifanywe kwa kudhani ni kazi ya kale, na mradi mnunuzi ajue kwamba haifungwi kama ilivyotoka kwenye pakiti. Ina kazi ya tupa mbele yake, na mtu asiyetaka kushika tupa ampe fundi wa kufunga mipini na alipe kazi hiyo kando.

Kwa asiyezifahamu, menuki ni mapambo mawili madogo ya chuma yanayokaa ubavuni mwa mpini wa upanga wa Kijapani, moja kila upande, chini ya utepe unaozungushwa mpini mzima. Aliyezoea jambia za Oman na Unguja, ambapo fedha yote ya sonara iko juu na macho yanaiona moja kwa moja, itamchukua muda kuzoea: hapa nakshi huonekana nusu tu, kupitia vidirisha vya umbo la almasi ambavyo utepe huviacha unapopishana. Asili yake ni kigingi. Upanga wa Kijapani hushikwa na mpini wake kwa kigingi kinachopita kwenye mbao na kwenye shina la chuma, na zamani vichwa vya kigingi hicho ndivyo vilivyopambwa. Baadaye kigingi kikawa cha mwanzi mtupu, mekugi, na pambo likahama likakaa peke yake. Kazi ya mkono ikabaki nalo, maana menuki hujaza nafasi chini ya vidole au kiganja na kuuzuia mpini usizunguke.

Ukubwa wa jozi hii ni wa kawaida kwa upanga mrefu. Kila moja ina urefu unaokaribia sentimita nne, upana wa sentimita moja na kidogo, na kimo cha milimita tano pale mgongo wa joka unapoinuka zaidi. Kimo ndicho cha kupima kwanza. Utepe ukipishana juu ya menuki unaanza kutoka juu ya kiwango cha mpini, na kinachozidi milimita sita huufanya utepe usimame hewani pembeni mwa pambo, ulegee baada ya miezi michache na uanze kuteleza. Hapa hakuna tatizo. Mkia wa joka la pili tu umeinuka kuliko unavyopaswa, na tutaurudia.

Kwa mbele, kalibu imefanya kazi ya heshima. Magamba yamepangwa vizuri, ndevu zimetengana na shingo, kucha tatu za mguu wa mbele zinahesabika. Ila ukiweka lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi, tofauti na kazi ya mkono inajitokeza papo hapo. Gamba lililochongwa kwa patasi lina ukingo mkali upande mmoja na mteremko laini upande wa pili, na ndani ya mteremko huo utaona mkwaruzo wa chombo ulipopita. Gamba la kalibu ni la duara pande zote, kana kwamba limelambwa. Kwenye mashimo ya macho na kati ya meno kuna chembechembe ndogo kama mchanga, alama ya chuma kilichopoa ndani ya kalibu. Na kama kalibu ilichukuliwa kutoka kwenye menuki ya zamani, kila kitu hupungua: nta husinyaa, kisha chuma nacho husinyaa, hivyo nakala hutoka ndogo na butu kuliko mama yake. Anayelinganisha nakala na picha yenye vipimo ataona upungufu huo bila shida.

Sasa geuza. Mgongo wa menuki ndio unaosema ukweli, na muuzaji asiyeweka picha ya mgongo hastahili pesa zako, awe anauza kitu cha bei ya chakula cha mchana au cha mshahara wa mwezi.

Menuki nzuri za zamani hazikumiminwa. Zilisukumwa. Fundi alikata bamba jembamba la shaba au aloi yake, akalilaza juu ya ulimbo wa msonobari uliopashwa moto, akalipiga kutoka nyuma kwa patasi butu hadi mwili wa mnyama ukatokeza mbele, kisha akaligeuza, akalijaza ulimbo na kuchonga maelezo upande wa mbele. Kazi hii huitwa uchidashi. Matokeo yake ni kwamba nyuma ya menuki kuna kivuli cha mbele: panapoinuka mbele, nyuma pana bonde, bamba lina unene unaokaribiana kila mahali, na kingo zimekunjwa kuingia ndani, ili pambo lionekane kuwa na mwili mzima hali ni ganda. Ukoo wa Goto ndio uliofikisha mtindo huu kileleni. Mwanzilishi wake, Goto Yujo (1440–1512), alimtumikia shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, Ashikaga Yoshimasa, na majoka na simba wa ukoo huo, vizazi kwa vizazi, ndiyo mifano ambayo viwanda vya leo vinaiiga. Jozi tunayoipitia nayo imeiga hapo, kuanzia mkao wa shingo hadi mpangilio wa kucha.

Mgongo wa jozi hii ni bonde la kina kifupi lenye uso wa chembechembe, bila alama yoyote ya nyundo wala patasi. Bonde halifuati umbo la mbele: palipo na kichwa kilichoinuka, nyuma ni tambarare, maana yake chuma ni kinene hapo na chembamba kwingine. Kingo hazikukunjwa, zimekatwa wima, na kwenye tumbo la joka la kwanza kuna mstari mwembamba uliobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Mstari huo uondolewe kwa tupa kabla ya kitu kingine chochote. Ukiachwa, ni kisu: hariri inayovutwa juu yake itaanza kukatika uzi mmoja mmoja, na mwenye upanga atalaumu utepe.

Katikati ya mgongo wa kila menuki kuna kikonyo kimoja, na kiwanda hiki kinastahili sifa hapa. Kwa desturi, menuki moja ina kikonyo kigumu na ya pili ina kikonyo chenye tundu kama bomba, dume na jike, kumbukumbu ya siku ambazo viwili hivyo vilikutana ndani ya mbao. Nakala nyingi za bei rahisi haziweki vikonyo kabisa, au huweka viwili vinavyofanana. Hapa vimewekwa sawasawa, dume kwenye joka la upande wa mpini unaotazama nje na jike kwenye la upande wa pili. Vimemiminwa pamoja na mwili, wakati vya zamani vililehemiwa, mara nyingi vikiwa na vipande vyembamba vya kuvitia nguvu pembeni. Kwenye menuki ya kale, lehemu mpya inayong'aa kuzunguka kikonyo cha zamani ni dalili ya matengenezo. Kikonyo kilichokatwa nacho hushusha thamani.

Rangi ndiyo sehemu ambayo tangazo la jozi hii limetia chumvi. Limeandikwa "shakudo", nayo si shakudo. Shakudo ya kweli ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na weusi wake wenye buluu kama ubawa wa kunguru hautokani na rangi ya kupaka. Kitu kilichokamilika husafishwa mafuta yote, huchovywa kwenye maji ya figili nyeupe ya Kijapani iliyokunwa, kisha huchemshwa ndani ya maji yenye kutu ya shaba na mrututu hadi ngozi yake ibadilike. Shaba tupu ikipitia chungu kilekile hutoka nyekundu ya udongo. Shibuichi, shaba yenye takriban robo ya fedha, hutoka kijivu. Ndiyo maana fundi aliweza kuweka rangi tatu au nne kwenye joka moja bila brashi. Kwenye jozi hii weusi umetiwa kwa dawa juu ya aloi ya kawaida na kufunikwa na vanishi. Njia rahisi ya kuitambua ni kutazama mahali palipokwaruzika: chini ya weusi pana manjano ya shaba ya njano. Dhahabu nayo ni ya rangi, wakati kwenye kazi nzuri ya zamani ni karatasi ya dhahabu iliyobandikwa kwa kubanwa au kwa zebaki na moto. Itaanza kutoka kwenye pua na kucha, mahali vidole vinapogusa. Hilo si kosa kwa kitu cha bei hii. Kuliita shakudo ndilo kosa, na anayeuza anajua.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kununua ni kama ni jozi kweli. Majoka mawili yanapaswa kutazamana kinyume, moja kulia na jingine kushoto, ili kila moja lielekee upande uleule wa mpini likishafungwa. Jozi za zinki zinazokuja na panga za mapambo mara nyingi ni nakala mbili za kalibu moja, hivyo upande mmoja mnyama anatembea kwenda mbele na upande wa pili anarudi nyuma. Katika jozi hii yanatazamana kinyume, na bora zaidi, hayafanani kama kwenye kioo: moja limefunga mdomo na mkia wake umejikunja chini, jingine limefungua. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kwa makusudi.

Tuje kwenye kuifunga, maana hapa ndipo jozi nyingi nzuri huharibika. Mpini wa katana, upanga mrefu wa Kijapani, una urefu wa karibu sentimita 25. Ni mbao laini za magnolia zilizofunikwa kwa ngozi ya taa, samaki yuleyule bapa tunayemjua pwani, na juu yake utepe wa hariri au pamba wenye upana wa milimita 8 hivi na urefu wa karibu mita nne. Mpini si bapa. Ukiukata ungeona yai, na kwa urefu mara nyingi hubanwa kidogo katikati. Menuki iliyo tambarare nyuma itagusa katikati na kuning'inia pembeni, au iguse kwenye ncha na katikati ibaki wazi. Weka pambo juu ya ngozi, liangalie kwa taa ya mkononi kutoka ubavuni: mwanga ukipita chini ya ukingo kwa zaidi ya nusu milimita, haliko tayari.

Joka la kwanza linarekebishika kwa tupa ya nusu duara kwenye kingo za nyuma, ukipima kila baada ya mipigo michache. Ule mkia ulioinuka wa joka la pili unavutia kuukunja kwa koleo. Usifanye hivyo. Aloi ya kalibu haina subira ya shaba iliyopigwa. Mkia mwembamba hukatika ghafla bila kuonya. Kama lazima uukunje, uweke juu ya kipande cha mti chenye mbonyeo, funika kwa ngozi laini, ukandamize kwa kidole gumba kidogo kidogo, na ukome mara unapohisi ugumu. Kinachobaki kimalizwe kwa tupa. Kuipasha moto ili ilainike hakufai, kwani vanishi na weusi vyote vitaondoka. Menuki za zinki hazikunjwi kabisa.

Vikonyo vina njia mbili. Unaweza kuvisaga hadi vilingane na kingo, au ukatoboa kitundu kwenye ngozi na mbao ili kikonyo kiingie. Kwa nakala, kuvisaga ni sawa. Kwa menuki ya kale ni uharibifu, kwa hiyo toboa. Tumia keekee ya mkono na usizidi milimita mbili za kina. Ukuta wa mbao kati ya ngozi na shina la upanga ni mwembamba, na anayetoboa kwa keekee ya umeme bila kizuizi hujikuta amefika kwenye shina, akaudhoofisha mpini mahali unapopata nguvu zote za pigo.

Kisha bonde la nyuma lijazwe. Ganda tupu la uchidashi likikazwa na utepe linaweza kubonyea, na hata la kalibu hutetemeka mkononi kama lina hewa chini yake. Njia ya zamani ni ulimbo wa msonobari uliochanganywa na unga wa udongo, ambao ukipashwa moto hutoka tena bila kuacha madhara. Nta ngumu ya nyuki inatosha kwa upanga wa mazoezi. Gundi ya epoksi inashika kweli, lakini haitoki. Kwenye nakala ni hiari yako, kwenye kitu cha kale usiitumie.

Mahali pa kuziweka pana kanuni, na maelekezo yaliyokuja na jozi hii hayakuisema kabisa. Katana huvaliwa ubavu wa kushoto, makali juu, na upande unaotazama nje ndio upande wa mbele. Menuki ya upande huo hukaa karibu na fuchi, ile pete iliyo nyuma ya ngao ya mkono. Ya upande wa pili hukaa karibu na kashira, kofia ya mwisho wa mpini. Ukishika upanga kwa mikono miwili utaona kwamba zote mbili zinaangukia chini ya vidole. Wengine wa mtindo wa Yagyu, shule ya zamani ya upanga ya Kijapani, hugeuza mpangilio huo ili ziangukie viganjani. Yote mawili ni sahihi. Kinachoharibu mambo ni kuziweka zote mbili katikati, zikitazamana, kama panga za ukutani zinavyofanyiwa: mpini unavimba katikati na mikono haipati faida yoyote. Miguu ya joka ielekee chini makali yakiwa juu. Tachi, upanga mrefu wa Kijapani wa zamani zaidi, huvaliwa makali chini, hivyo hesabu hiyo hugeuka. Na menuki ya mbele isizibe tundu la kigingi. Kigingi lazima kitoke kila upanga unapofunguliwa, na kikaguliwe kila kabla ya mazoezi.

Fundi anapofika mahali pa menuki hulishikiza kwa tone dogo la gundi inayotoka, kisha hupitisha utepe. Vikaratasi vya pembetatu vinavyowekwa chini ya kila mpishano lazima vipunguzwe hapo, la sivyo mpishano ulio juu ya joka utakuwa mlima. Kwa urefu wa jozi hii, menuki inachukua karibu vidirisha viwili. Panga mapema ili kichwa kiangukie ndani ya kidirisha. Joka ambalo kichwa chake kimefunikwa na mpishano na tumbo tu ndilo linaloonekana halitakupa raha, na kulirekebisha maana yake ni kufungua mita nne za utepe.

Kuhusu thamani ya pesa, nakala nzuri za aina hii huuzwa Japani kwa yeni elfu kadhaa, na bei ya jozi hii imo humo. Chini yake kuna za zinki zilizochovywa rangi ya dhahabu, ambazo hatuzipendekezi hata kwa anayeanza: ni nyepesi, kikonyo hakipo, na rangi huchubuka wiki za mwanzo. Kuna pia menuki za panga za jeshi, zile zenye maua matatu ya mcheri zilizofungwa kwenye panga za maofisa wa jeshi la nchi kavu la Japani kuanzia mwaka 1934. Zilitengenezwa kwa wingi, zina historia yake, na zinafaa kurudi kwenye upanga wa aina hiyo tu.

Juu yake kuna za kale, na hapo bei huruka. Jozi ya enzi ya Edo (1603–1868) isiyo na cheti huanzia makumi ya maelfu ya yeni. Cheti kinachotafutwa zaidi ni cha NBTHK, shirika la kuhifadhi panga lililoanzishwa Japani mwaka 1948. Kwa mapambo, ngazi zake hupanda kutoka Hozon kwenda Tokubetsu Hozon, kisha Juyo. Soma cheti kinasema nini hasa. Menuki nyingi hazina sahihi, kwa hiyo jina lililoandikwa ni maoni ya wakaguzi juu ya shule au ukoo. Cheti kinachosema Goto bila kutaja kizazi kisilipiwe kama cha Yujo. Na kama una bahati ya kupata jozi ya kale, usiifunge kwenye upanga wa mazoezi. Jasho na msuguano hula ile ngozi nyembamba ya shakudo, na haitengenezeki isipokuwa kwa kuchemshwa upya na mtu anayejua.

Nakala hii haihitaji upole huo, ila nayo isipakwe dawa ya kung'arisha shaba. Dawa hiyo ni karatasi ya msasa ndani ya chupa. Mara mbili tu inatosha kuligeuza joka jeusi kuwa la manjano lenye mabaka meusi kwenye mashimo. Baada ya mazoezi, futa mpini kwa kitambaa kikavu cha pamba. Uchafu ulioganda kati ya magamba utolewe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kikiwa kikavu. Kutu ya kijani ikitokea kwenye ukingo unaogusa hariri, usihangaike na joka kwanza: mpini umekaa na unyevu ndani ya mfuko wa upanga, na utepe ulio chini ya pambo umeshaanza kuoza. Ufungue wakati menuki bado zinashika.